Tisa Kujaa

Ufito ulipotolewa tangini, mikato thelathini ilikuwa mikavu. Kwenye ukuta wa jikoni Murugi alikuwa amechora siku ishirini na saba tu.

Moffat aliupangusa ufito kwa kidole gumba, akahesabu tena kuanzia juu. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Nyeri mjini, ambako alikuwa kibarua wa kupasua mbao, na unga wa msumeno ulikuwa bado kwenye nyusi zake. Hakuwa ameketi wala kunywa chai.

"Thelathini," akasema. "Maitu, hebu angalia."

Mama yake, Wachuka, hakuangalia. Ufunguo wa tangi ulining'inia shingoni mwake kwa uzi wa sufi, naye alikuwa ameufunika kwa kiganja kana kwamba ni kidonda. "Mimi ninateka kile nilichoambiwa kuteka. Kila alfajiri, tisa kujaa. Muulize mke wako. Yeye ndiye mwenye shule."

Murugi alikuwa amesimama kizingitini. Hakupenda kutazamwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Shule yake iliishia darasa la sita, lakini hesabu ya maji ilikuwa yake, na tangu aolewe ndicho kitu pekee alichopewa katika boma hilo ambacho hakikuwa cha kubeba wala cha kusugua.

"Tisa kila siku," akasema huku akitazama miguu yake. "Nimechora zote."

Ufito ulikuwa wa fundi Muriithi, kijana aliyewajengea akina mama wa kikundi matangi ya simiti, kwa zamu. Siku ya mwaka mpya alipanda juu ya tangi la Wachuka, akapima, akachonga mikato sitini. Akawaambia: tekeni galoni tisa kwa siku, za watu na za ng'ombe, na kila siku mkato mmoja utatoka majini. Mkishika hivyo, maji yatawafikisha Machi, na Machi ni mvua ya njahi. Mkizidisha, Mungu awasaidie.

Wote walijua maana ya Mungu awasaidie. Mvua ya mwere, ile fupi ya Oktoba, haikuwa imenyesha. Chemchemi ya bondeni ilikufa mwezi wa Desemba, jambo ambalo Wachuka, mwenye miaka sabini, hakuwahi kuliona wala kulisikia kwa mama yake. Mlima wenyewe, ukiutazama alfajiri kutoka ukingo wa Mukurweini, ulikuwa umebaki meno meusi matupu, bila theluji. Waliokwenda kuteka kwenye madimbwi ya mtoni walirudi na homa ya matumbo, na ng'ambo ya pili watoto wawili walikuwa wamezikwa tangu Krismasi. Murugi alikuwa na wanawe watatu. Tangi likiisha kabla ya mvua, wangekunywa madimbwi.

"Mikato mitatu ni siku tatu," Moffat akasema. "Maji ya siku tatu hayanywewi na ndege."

Nyuki walikuwa wamejazana kwenye kisanduku cha chuma kilichofungia mfereji wa tangi, wanapita kwenye tundu la kufuli, wanatoka, wanaingia tena, na mlio wao ulikuwa ndio sauti pekee ya mchana huo. Vyura walikuwa wamenyamaza tangu Novemba. Hata jogoo alikuwa amepoteza saa zake, anawika saa nane mchana kama mtu aliyeota vibaya.

Chini ya mparachichi, Kagure alikuwa akimwosha mtoto wake. Alikuwa dada mdogo wa Moffat, aliyerudi kutoka Karatina miaka miwili iliyopita akiwa na tumbo na sanduku moja la bati. Mtoto aliitwa Theuri, jina la marehemu baba yao, kwa sababu mtoto wa kuzaliwa nyumbani, bila ndoa, hupewa majina ya nyumbani. Kagure alimwosha kwa kikombe kimoja: alichovya kitambaa, akapangusa uso, akapangusa shingo, halafu akayamwaga yale yaliyobaki kwenye shina la sukuma wiki.

Moffat alimtazama mpaka akamaliza.

"Huyo mtoto anang'aa," akasema. "Wangu wako na ukurutu, wake anang'aa kama sahani ya mzungu."

"Ni kikombe changu cha kunywa," Kagure akajibu. "Sikunywa leo."

"Ati hukunywa."

"Sikunywa, Moffat."

Moffat akageuka, akapiga tangi kwa ngumi. Tangi lilijibu. Lilijibu kwa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa, na sauti hiyo iliendelea kidogo hata baada ya ngumi kuondoka.

*

Kwa kawaida Wachuka alimpenda mjukuu huyo kwa mzaha wa kizee. Alimwita bwana yangu, kwa lile jina la mumewe. "Bwana yangu ameamka? Ameuliza chai?" Na Kagure alikuwa akijibu, "Ameuliza mke wake yuko wapi, mbona hapiki." Walilala chumba kimoja, mama, binti na mtoto. Jambo hilo, ambalo lilikuwa la mapenzi tu, sasa lilianza kutazamwa upya. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Wachuka usiku na mchana. Kufuli haikuwa imevunjwa. Basi ni nani angeweza kuutoa ufunguo shingoni mwa mzee aliyelala, na kuurudisha?

Moffat alimwita Phyllis, mwenyekiti wa kikundi. Tangi lilikuwa la Wachuka, lakini simiti ilikuwa ya kila mwanamke aliyechanga, na sheria ya kikundi ilisema maji yakipotea mwenyekiti aambiwe. Phyllis alikuja kesho yake na viatu vyake vya kanisani, kitambaa cha buluu kichwani, akakalia kiti cha pekee chenye mgongo. Alikuwa na duka Mukurweini, na alizoea kuuliza maswali kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Mama Moffat, wewe ni mtu wa Mungu. Unateka ngapi?"

"Tisa kujaa."

"Sikuzote?"

"Sikuzote. Nikimaliza ninapaza sauti, huyu anasikia akiwa kwa ng'ombe, anakuja kuchora."

"Na wewe, mama Wanjugu, unasikia vizuri?"

Murugi aliitikia kwa kichwa.

"Toa sauti, mama. Sisi si ng'ombe wako."

Majirani waliokusanyika wakacheka kidogo. Masikio ya Murugi yakawaka moto. "Ninasikia," akasema.

Hapo ndipo Wanjugu, binti yake wa miaka sita, aliposema kitu ambacho hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amekaa mchangani akichora kwa kijiti. "Tata huwa anasimama kwa tangi."

"Nani?" Phyllis akainama. "Tata Kagure, shangazi yako? Lini?"

"Nilitoka kukojoa. Alikuwa amesimama hivi." Mtoto akasimama, akaweka kiganja kwenye ukuta wa tangi na shavu juu ya kiganja. "Macho yalikuwa wazi. Nikamwita, hakusikia. Tangi ndilo lilisema mm."

Wachuka alijifunga kanga upya, polepole. "Alikuwa akitembea usingizini," akasema, na ilionekana kwamba maneno yalimtoka bila ruhusa yake. "Akiwa mdogo. Baba yake alimwokota mara moja kwa shamba la kahawa, analala amesimama. Nilifikiri yaliisha."

Wote wakamtazama Kagure. Alikuwa amempakata mtoto, na uso wake haukuwa na hasira. Ungekuwa na hasira, mambo yangekwenda njia nyingine. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta kitu mfukoni mwake, hakipati, na anaanza kushuku kwamba hakuwahi kuwa nacho.

"Huwa ninaamka kinywa kikiwa na baridi," akasema.

"Umesikia!" Moffat akaruka.

"Nyamaza, wewe," Phyllis akasema. "Endelea, Kagure."

"Ninaota maji. Sijui kama ninaota." Akageuka kwa Murugi, taratibu, kama mtu anayegeukia mlango wa mwisho. "Mama Wanjugu. Wewe umesoma kuliko mimi. Hesabu yako haina makosa?"

Murugi alijua kwamba angeweza kusema, hebu tungoje, tupime tena wiki moja. Maneno hayo alikuwa nayo, yamejipanga. Lakini macho yote yalikuwa juu yake, na kitu pekee walichowahi kumheshimia katika boma hilo kilikuwa kwenye ukuta ule wa moshi, mistari tisa, mistari tisa, imenyooka kama ya daftari.

"Haina," akasema.

*

Kagure hakufukuzwa. Hata baadaye hakuna aliyekubali neno hilo. Phyllis alisema tu kwamba ingefaa akae mahali pasipo na tangi mpaka mvua inyeshe, kwa usalama wa watoto. Moffat alisema ni mwezi mmoja, kwani mwezi ni nini. Wachuka alimfungia mtoto viazi vitamu vinne kwenye kitambaa, na mkono wake mwingine haukuondoka kwenye ufunguo.

Kagure alifunga sanduku lake la bati akaliacha, akaenda na nguo alizovaa na Theuri mgongoni. Alipompita Murugi penye ua alisimama.

"Ukiona mikato inarudi sawa, niletee habari," akasema. "Nitajua ni mimi. Nitatulia."

Murugi aliona koo la Kagure likipanda na kushuka, kavu. Akaitikia kwa kichwa.

*

Siku ziliendelea kuchorwa ukutani. Moffat alirudi kwenye mbao. Vumbi likawa jekundu zaidi, laini kama poda, likaingia ndani ya sufuria zilizofunikwa. Kila mchana nyuki walikuja. Migomba ilivunjika katikati yenyewe bila upepo, ukisikia tu tap, na asubuhi unakuta imeinama kama watu wanaotafuta sindano.

Kila jioni Wanjugu na ndugu zake walikwenda kupigia tangi kelele. Walikuwa wamegundua kwamba kadiri maji yalivyoshuka, ndivyo sauti ya ndani ilivyokuwa nzito na ilivyochelewa kujibu. "Tata-a!" waliita. Tangi lilingoja. Halafu lilisema, chini kabisa, "Ta-a." Murugi aliwachapa kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, na hakujua ni kwa kosa gani.

Siku ya thelathini na sita alikwenda kwa Wachuka akaomba kufuli ya juu ifunguliwe apime. Mzee aliinua bati la mfuniko. Murugi aliuteremsha ufito, akausikia ukigusa chini, akautoa.

Arobaini.

Alihesabu mara tatu. Tangu Moffat apime zilikuwa siku tisa, karibu zote Kagure hayupo, na mikato iliyotoka ilikuwa kumi. Jambo lile lile. Kitu kilikuwa kikila siku moja katika kila siku tisa, kwa utaratibu, bila haraka, kama mtu anayejua hatakamatwa.

"Ameacha kiu yake hapa," Wachuka akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa akitazama lile shimo jeusi la tangi. "Ameondoka, kiu imebaki. Nimesikia mambo kama hayo."

Murugi aliangalia chini akaona uso wake mwenyewe majini, mbali sana, mdogo, na giza limeuzunguka. Aliona kama uso ule ulifumba mdomo kabla yake.

"Usimwambie Moffat," Wachuka akasema.

"Sitamwambia."

Na hakumwambia. Usiku alilala akiwa amewakumbatia watoto wote watatu kama kuku. Alihesabu kichwani: mikato ishirini imebaki, na ukiondoa anachokula huyo asiyeonekana, siku kumi na nane. Mvua ingekuja baada ya mwezi, kama ingekuja.

*

Ng'ombe ndiye aliyemfungua macho. Wiki hiyo maziwa yalikauka. Murugi alivuta, akavuta tena, zikatoka nyuzi mbili nyembamba, halafu damu kidogo. Akamwacha. Alfajiri iliyofuata hakuwa na kazi zizini, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze alichukua mtungi mtupu akaenda kumsaidia mama mkwe kwenye mfereji.

Kulikuwa na mwanga wa kijivu tu. Wachuka alikuwa amechuchumaa, amempa mgongo, kisanduku kiko wazi. Alijaza galoni, akamimina kwenye pipa. "Nne," akasema kwa sauti ya mtu anayesali. Akajaza. "Tano." Murugi alisimama nyuma yake bila kukohoa. Sita. Saba, namba ya mkosi, aliitaja kwa kuinong'oneza, akatema mate pembeni. Nane. Tisa.

Halafu akajaza galoni nyingine.

Aliijaza taratibu, mpaka pomoni, mdomo wake umefungwa. Hakuitaja. Aliimimina kwenye pipa lile lile pamoja na zile nyingine, akafunga mfereji, akafunga kufuli, akainua uso kuelekea zizini na kupaza sauti:

"Tisa kujaa!"

"Maitu," Murugi akasema.

Mzee aliruka, galoni ikamtoka mkononi. "Unanyemelea watu kama fisi?"

"Hiyo ya mwisho ni ya nani?"

"Ya mwisho ipi?"

"Hiyo hukuitaja. Baada ya tisa."

Wachuka alimwangalia kana kwamba mtoto wa watu amepungukiwa na akili. "Hiyo ndiyo ya kujaza. Si nimesema tisa kujaa? Kenda muiyuru. Kwani kwenu hamkufundishwa kuhesabu? Mabinti wa Mumbi, mama yetu wa kwanza, walikuwa wangapi?"

"Tisa."

"Wataje kwa vidole."

Murugi alinyanyua mikono. Hakuhitaji kuwataja. Kila mtoto wa milima hiyo aliwahi kuwataja kwa vidole, akasema tisa kama alivyofundishwa, na kuona kwamba hakuna kidole kilichobaki. Watu hucheka, basi. Hakuna anayeuliza.

"Walikuwa kumi," akasema.

"Shh!" Kiganja cha mzee kilimfika mdomoni, kina baridi na maji. "Unaita nini hapa alfajiri? Jumla haitajwi. Si ya watu, si ya mbuzi, si ya kitu unachotaka kibaki. Unasema tisa iliyojaa, na mwenye masikio anajua. Huyo wa mwisho alizaa akiwa kwa mama yake, hakuolewa, ndiyo maana hatajwi. Lakini yupo. Huwezi kupika ukamsahau, ati kwa sababu haku..."

Macho yake yakaenda chini ya mparachichi, pale Kagure alipokuwa akimwoshea mtoto.

Mwanga ulikuwa umeongezeka. Nyuki wa kwanza alifika, akazunguka kufuli. Wachuka aliketi chini kwenye tope dogo la chini ya mfereji, na kanga yake ikaanza kunywa unyevu ule bila yeye kujali.

"Muriithi alisema tisa," Murugi akasema. "Alisema tisa, zikiwa zimejaa."

"Ndivyo nilivyoteka. Nilimuuliza mara mbili. Tisa kujaa? Akasema ndiyo, mama, tisa kujaa."

"Yeye alikuwa anasema galoni zijae. Alikuwa anasema tisa."

"Kijana wa juzi," Wachuka akasema, akimtazama Murugi bila kumwona. "Kijana wa juzi, nitajuaje anasema vya shule?"

Hakukuwa na mwizi. Maji yote yalikuwa yameingia kwenye pipa, wakayapikia, wakawanywesha watoto na ng'ombe, wakayanywa wao wenyewe kila siku wakilaani anayeyanywa.

"Mvua itanyesha," hatimaye mzee akasema. "Watu husahau. Kuanzia leo ninateka nane, tunafidia. Wewe chora tu. Nani atajua?"

Murugi alilielewa ombi hilo. Lilikuwa la mwanamke wa miaka sabini ambaye kesho angechekwa kanisani hadi sokoni. Na lilikuwa jepesi, lilimtaka afanye kile alichokifanya maisha yake yote, yaani kunyamaza.

"Sikio ni langu," akasema. "Na mkono uliochora ni wangu. Niliulizwa, nikasema haina."

Aliingia jikoni, akatwaa leso yake. Alipotoka mzee alikuwa bado amekaa pale pale.

"Mwambie..." Wachuka akaanza, akashindwa. Akakaza ngumi juu ya ufunguo. "Mimi sina uso wa kwenda. Nenda wewe."

*

Murugi alimkuta Kagure Mukurweini, kwenye stoo ya magunia nyuma ya kinu cha posho, ambako alikuwa akifagia pumba ili apewe mahali pa kulala. Ilikuwa saa sita mchana, kinu kimezimwa, na pumba zilizokuwa hewani zilikuwa zikishuka polepole juu ya kila kitu. Theuri alikuwa amelala juu ya gunia. Hakuwa aking'aa tena. Kagure alikuwa ameketi kando yake, mguu wake wa kulia umefungwa kamba ya katani, na ncha ya pili ya kamba imefungwa kwenye nguzo ya ukuta, fundo juu ya fundo.

"Nani amekufunga?"

"Mimi. Mtoto akilala na mimi huwa ninasinzia." Alisema kama anayeeleza jinsi ya kukunja nguo. "Kuna pipa la maji la mwenye kinu hapo nje. Mikato imerudi sawa?"

"Haikurudi. Haikuwa wewe, Kagure."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akirukia mbele, galoni, vidole, mabinti wa Mumbi, Muriithi. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Kagure alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa upole.

"Umekuja kunionea huruma. Mungu akubariki. Lakini mimi nilikunywa, mama Wanjugu. Ninakumbuka ladha. Ladha ya simiti, hapa, nyuma ya ulimi. Ningeijuaje ladha ya simiti?"

"Sisi wote tunaijua. Ndiyo maji tunayokunywa."

Kagure alikunja uso.

"Na mtoto wako aliniona."

"Alikuona umesimama. Kusimama si kunywa. Kisanduku kina kufuli."

"Na ufunguo?"

"Mama yako huushika hata akilala. Umewahi kumwona ameuachia?"

Midomo ya Kagure ilikuwa imepasuka, na kwenye pembe moja damu ilikuwa imegandia. Murugi alielewa ghafla kwamba tangu aondoke nyumbani mtu huyu alikuwa akijinyima maji hata mchana, kama mlevi aliyeapa.

"Siwezi kurudi," Kagure akasema. "Labda ni kweli mlikosea. Lakini mimi sijui tena ninafanya nini nikifumba macho. Nikiamka siku moja tangi ni tupu, na watoto wako watatu? Hapa niko na nguzo."

Murugi alipiga magoti, akaanza kufungua fundo la kwenye nguzo. Lilikuwa limekazwa na mtu aliyejiogopa. Ilimbidi atumie meno. Lilipofunguka alifungua na lile la mguuni. Lakini kamba hakuitupa, aliifunga kwenye kifundo cha mkono wa Kagure, kwa fundo la kufungia ndama. Ncha ya pili akajifunga mkono wake mwenyewe.

"Unafanya nini?"

"Twende. Tutalala hivi. Ukiamka kwenda, nitaamka."

"Na ukiwa na usingizi mzito?"

"Nina watoto watatu. Usingizi mzito nimeusahau."

Kagure alimtazama, halafu akatazama kamba. Akambeba Theuri mgongoni kwa mkono mmoja, Murugi akamkazia mbeleko.

Kutoka kwenye kinu kwenda njia ya nyumbani lazima upite katikati ya soko. Murugi alikuwa mtu wa kununua chumvi kwa kunyoosha kidole. Sasa alipita mbele ya maduka yote saa saba mchana, jua liko utosini, akiwa amefungwa kamba na wifi yake, na soko likanyamaza safu kwa safu walipokuwa wakipita, kama mtu anayefunga madirisha.

"Mama Wanjugu!" muuza viazi akaita. "Ng'ombe huyo umemnunua wapi, Karatina? Amezaa mara ngapi?"

Vicheko. Kagure aliinamisha kichwa. Kamba ikalegea, ikakaza tena.

Mbele ya duka lake Phyllis alitoka, mikono kiunoni. "Ni aibu gani hii mnanipitishia mlangoni? Murugi? Wewe nilikujua mwanamke wa adabu. Tulikubaliana huyu akae mbali na maji."

"Hakuiba," Murugi akasema.

"Toa sauti, mama."

"Hakuiba!" Ilitoka kwa nguvu hata yeye akashtuka. "Tisa yake mzee ni ile ya kujaa. Mimi nilichora tisa. Zilikuwa kumi, mwenyekiti! Kila siku kumi! Tulikunywa wenyewe!"

Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akipanga vitunguu alitema mate kando kwa kuisikia ile namba ikipigiwa kelele namna hiyo. Halafu akasimama na vitunguu mkononi. "Kenda muiyuru," akasema polepole, kwa jirani yake, na jirani akaweka mkono mdomoni. Neno likaanza kutembea sokoni. Phyllis alitazama vidole vyake. Ilionekana akihesabu, na ilionekana alipofika.

Lakini Murugi hakuwa akimtazama tena. Kamba ilikuwa imemvuta. Kagure alikuwa amesimama, macho yake yameganda kwenye pipa dogo la Phyllis lililokuwa kibarazani, lenye kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo.

"Una kiu?" Murugi akauliza.

"Usiniachie."

"Sikuachii. Una kiu?"

"Niko na kiu," Kagure akasema, kwa sauti ambayo ungedhani imetoka chini kabisa ya tangi.

Phyllis mwenyewe ndiye aliyeteka. Alileta kikombe kikiwa kimejaa, mnyororo umenyooka hadi mwisho, akashindwa kufika, ikabidi wao wawili wasogee karibu. Kagure alishika kikombe kwa mkono uliofungwa. Aliyatazama maji. Aliwatazama watu, wote, mmoja mmoja, kama anayehakikisha kwamba yuko macho.

Kisha akanywa. Na kila alipomeza, kamba ilicheza kidogo kwenye mkono wa Murugi.